Tukate Shauri kwa Macho Wazi



Mwezi wa tatu ukiingia hapa Njoro, kila mtu anatazama juu. Mawingu yanakusanyika upande wa Mau, halafu yanapotea. Jirani wa juu ameshapanda. Jirani wa chini anangoja. Mwenye duka anasema mbegu inakaribia kwisha. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Na wewe una shilingi 30,000 mkononi, zamu yako ya chama, na unatakiwa kuamua kabla ya Jumamosi.

Katika vikundi vyetu tumefundishana mambo mengi: kutengeneza mboji, kuweka hesabu, kufuga kuku, kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Lakini jinsi ya kuamua hatujafundishana. Tunafikiri ni kitu mtu huzaliwa nacho. "Yule ana akili ya kuamua, yule hana." Sivyo, ndugu zetu. Kuamua ni kazi kama kushona nguo au kukamua ng'ombe. Ina namna yake, na mtu hujifunza. Na ukiifanya vibaya miaka kumi bila kuangalia unakosea wapi, mwaka wa kumi na moja utaifanya vibaya vilevile.

Katika ukurasa huu tutafanya mambo matatu. Kwanza, kila mmoja ajipime. Pili, tuangalie tulikoanguka zamani, maana tuliumia. Tatu, tuone hatua ambazo mtu yeyote anaweza kuzifuata, awe amesoma au hakusoma.

JIPIME KWANZA

Chukua karatasi. Soma kila sentensi hapa chini ukifikiria maamuzi yako ya mwaka mmoja uliopita. Kama ni kweli kila mara, jipe alama 2. Kama ni kweli pengine, alama 1. Kama si kweli, sufuri. Usijidanganye, hakuna mwalimu wa kusahihisha.

1. Kabla ya kuamua jambo kubwa huwa nimefikiria njia tatu au zaidi, si "nifanye au nisifanye" tu.
2. Naandika hesabu, siziweki kichwani tu.
3. Natafuta mtu aliyeshindwa katika jambo hilo nimsikilize, si yule aliyefaulu peke yake.
4. Naweza kutaja kiasi cha pesa ambacho nikikipoteza nyumba yangu haitalala njaa.
5. Mtu akiniharakisha, nasimama kwanza.
6. Nazungumza na mwenzangu wa nyumbani kabla ya kuamua, si baadaye.
7. Sikati shauri kubwa nikiwa na hasira, uchovu, wala nikiwa nimefurahi kupita kiasi.
8. Jambo likiharibika naweza kuliacha, hata kama nimeshatumia pesa.
9. Naweza kutaja uamuzi mmoja niliokosea na kueleza nilikosea mahali gani.
10. Nikishaamua naanza kazi. Siahirishi mwezi baada ya mwezi.

Jumlisha. Ukipata 15 hadi 20, unaamua kwa utaratibu. Kazi yako ni kuwafundisha wengine. Ukipata 8 hadi 14, uko pamoja na wengi wetu: mambo mengine unayapima, mengine unayarukia. Chini ya 8, usife moyo, lakini soma mpaka mwisho.

Sasa fanya jambo la pili, ambalo ni gumu zaidi. Mpe mume wako, mke wako, au rafiki anayekujua vizuri maswali hayohayo, akupime yeye bila kuona alama zako. Halafu linganisheni. Mahali mtakapotofautiana sana ndipo penye somo lako. Wewe umejipa 2 kwa kusema unamshirikisha mwenzako, naye amekupa sufuri. Hapo kuna mazungumzo, si ugomvi.

UAMUZI MZURI NA BAHATI NZURI

Kabla hatujaendelea, tutenganishe vitu viwili ambavyo kijijini tunavichanganya kila siku.

Tuchukue mfano wa majirani wawili. Wa kwanza hakuuliza mtu. Alichota mahindi ghalani yaliyobaki, akapanda siku mvua ya kwanza ilipodondoka, bila mbolea. Mwaka huo mvua ikaja vizuri, ikaendelea, naye akavuna vya kutosha. Wa pili alienda kwa afisa wa kilimo, akanunua mbegu iliyothibitishwa, akapanda kwa nafasi, akaweka mbolea. Mwezi wa saba mvua ya mawe ikapita juu ya shamba lake kwa nusu saa. Akapata magunia matatu.

Nani aliamua vizuri? Ukiuliza sokoni utaambiwa ni wa kwanza. "Si unaona ghala lake?" Lakini wa kwanza alikuwa na bahati, na wa pili alikosa bahati. Hatari ni kwamba mwaka ujao wa kwanza atarudia yaleyale akijiona hodari, na wa pili ataacha njia njema akifikiri alikosea. Wote wawili watakuwa wamejifunza kinyume.

Kwa hiyo usipime uamuzi kwa mavuno peke yake. Jiulize: Siku ile nilipoamua, nilijua nini? Na kuna nini ambacho ningeweza kukijua kama ningeuliza, lakini sikuuliza? Mvua ya mawe hukuweza kuijua. Bei ya viazi ya mwaka jana ungeweza.

Kuamua vizuri hakuondoi hasara. Kunapunguza tu zile hasara ambazo zingeweza kuepukwa. Na kwa mtu mwenye ekari moja na nusu, hizo zinatosha kumwinua au kumwangusha.

TULIKOANGUKA

Sisi tunaoandika ukurasa huu hatuko nje ya habari hii. Mnakumbuka kware?

Mwaka 2013 Kenya nzima ilipatwa na homa ya kware. Watu walisema mayai yake yanatibu sukari, presha na mengine mengi. Yai dogo vile likauzwa bei kubwa kuliko yai la kuku mara kadhaa. Kwa sababu kware huhesabiwa ndege wa porini, mfugaji alitakiwa kupata kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS, na watu walipanga foleni kukipata. Wengine wetu tulinunua ndege, tukatengeneza vizimba, tukachanga pesa ya mashine ya kuangulia. Mwaka 2014 bei ikaanguka ghafla. Mayai yalikosa mnunuzi. Vizimba vingine viligeuzwa kuwa kuni.

Tukikaa leo na kuuliza tulikosea wapi, jibu si "kware ni wabaya". Kware ni ndege mzuri tu. Kosa ni swali moja ambalo hatukuuliza: Nani anayenunua mayai haya, na anayafanyia nini? Kama tungeuliza, tungeona kwamba wengi wa wanunuzi walikuwa wafugaji wapya kama sisi, wakitaka kuangulia ili nao wawauzie wafugaji wapya wengine. Walaji walikuwa wachache. Siku wafugaji wapya walipokwisha, soko likaisha.

Miaka michache kabla ya hapo, kati ya 2006 na 2007, ilikuwa michezo ya upatu, ile ya "panda mbegu uvune mara dufu". Nakuru na vijiji vyake viliguswa sana. Kamati iliyoundwa na serikali kuchunguza jambo hilo ilikuta kwamba zaidi ya watu 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwemo walimu, wauguzi, wazee wa kanisa na wanachama wa vikundi. Waliona kwa macho jirani akilipwa. Na kweli alilipwa, lakini kwa pesa za walioingia nyuma yake.

Kutoka katika mambo hayo mawili tunaweza kuokota makosa manne ambayo yanarudi kila mara, hata leo, kwa majina mengine:

a) Kufuata wengi. Tunasema fuata nyuki ule asali. Lakini nyuki wengine wanaenda kutafuta maji.

b) Kusikia waliofaulu tu. Aliyepata husimulia barabarani. Aliyepoteza hunyamaza kwa aibu. Kwa hiyo habari zinazokufikia zimeshachujwa.

c) Kukataa kutoka. "Nimeshatumia elfu ishirini, siwezi kuacha sasa." Zile elfu ishirini zimekwenda, ukiendelea au ukiacha. Swali la leo ni moja tu: shilingi nyingine nitakayoweka, itarudi?

d) Kuharakishwa. "Nafasi zinafungwa leo saa kumi." Mtu mwenye jambo zuri hana sababu ya kukukataza kulala juu yake usiku mmoja.

HATUA SITA ZA KUKATA SHAURI

Tumrudie mama wa mfano wetu mwenye shilingi 30,000. Amesikia viazi vina bei kule Mau Narok na Mauche, naye anataka kupanda. Tumsindikize hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Andika swali lenyewe.
"Nipande viazi?" si swali zima. Linajibiwa ndiyo au la, basi. Swali zima ni: "Pesa hizi 30,000 zitanisaidiaje zaidi kufika mwezi wa nane?" Ukibadilisha swali, njia nyingine zinajitokeza zenyewe.

Hatua ya 2: Tafuta njia tatu.
Mama anaandika: (i) viazi robo ekari, (ii) kuku wa kienyeji kumi na banda, (iii) kulipa mkopo wa simu wa shilingi 10,000 anaodaiwa. Ile ya tatu hakuifikiria mwanzoni, kwa sababu haionekani kama mradi. Tutaona.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya mwaka mzuri na ya mwaka mbaya.
Katika Injili ya Luka sura ya 14 kuna mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, na tunaujua: hukaa kwanza akahesabu. Mama naye akae. Bei tunazoweka hapa ni za mfano tu. Ninyi wekeni za kwenu.

Kukodi robo ekari 3,000. Mbegu magunia manne 12,000. Mbolea 4,000. Dawa ya baridi na wadudu 2,500. Vibarua 3,500. Jumla 25,000.

Mwaka mzuri: magunia 25 ya kilo 50 kwa shilingi 1,500 ni 37,500. Faida 12,500.
Mwaka mbaya: magunia 15 kwa shilingi 900 ni 13,500. Hasara 11,500.

Wengi wetu tunaishia kwenye mstari wa mwaka mzuri. Ule wa pili ndio unaosema ukweli wote. Pia usisahau gunia. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Ukikubali gunia la kufumwa juu kama kilemba, hesabu yako imeharibika kabla ya kuanza.

Sasa deni la simu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Tuseme mama anatozwa kiasi hicho. Kwa 10,000 ni shilingi 750. Inaonekana kidogo, si ndio? Lakini mama amekuwa akilipa na kukopa tena kila mwezi. Kutoka mwezi wa tatu hadi wa nane ni mara sita, yaani shilingi 4,500. Kumbe kulipa deni kunamwokolea 4,500, mvua inyeshe isinyeshe. Huo pia ni mradi, tena hauhitaji dawa ya wadudu.

Na muda je? Hapa tunakosea wote, wasomi na wasiosoma. Daniel Kahneman, mtaalamu wa saikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakiandika kitabu cha shule kule Israeli, tena kitabu cha kufundisha namna ya kuamua. Waliulizana watamaliza lini. Wakasema kama miaka miwili. Kisha mmoja wao akaulizwa vikundi vingine vya kazi kama hiyo vilichukua muda gani. Akakubali kwamba karibu asilimia 40 havikumaliza kabisa, na vilivyomaliza vilichukua miaka saba au zaidi. Wakaendelea hivyohivyo. Kitabu kilichukua miaka minane. Kwa hiyo usijiulize tu "mimi nitachukua muda gani". Uliza waliotangulia walichukua muda gani, na wangapi waliacha njiani.

Hatua ya 4: Pima faida na hasara zikiwa pamoja mbele yako.
Mwaka 1772 Benjamin Franklin wa Marekani alimwandikia rafiki yake barua kuhusu namna yake ya kuamua mambo magumu. Alipiga mstari katikati ya karatasi, upande mmoja sababu za kufanya, upande wa pili sababu za kutofanya. Hakumaliza siku moja. Kwa siku tatu au nne aliongeza kila lilipomjia wazo. Kisha akatafuta sababu za pande mbili zenye uzito sawa, akazikata zote mbili, mpaka akaona upande gani umebaki na kitu.

Kwa asiyeandika, tumieni mahindi na maharagwe. Punje moja ya mahindi ni sababu ndogo ya kufanya. Sababu kubwa iwekee punje tatu. Maharagwe ni sababu za kutofanya. Yaache mezani siku tatu, uongeze na kupunguza. Kila mtu nyumbani ataona, na watoto wakubwa nao watauliza maswali. Hayo maswali yao wakati mwingine ndiyo yanayotuokoa.

Hatua ya 5: Je, naweza kurudi nyuma? Je, naweza kupoteza kiasi gani?
Wazee walituachia methali mbili zinazogombana. Haraka haraka haina baraka. Na tena: chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Ipi ni kweli? Zote. Inategemea kama mlango unafunguka tena. Kupanda sukuma wiki au kabeji kwenye kitalu kile unaweza kubadilisha baada ya miezi mitatu. Hapo amua upesi, jaribu, jifunze. Kuuza shamba ni mlango usiofunguka tena. Hapo nenda polepole.

Sheria yenyewe inalijua hilo. Shamba la kilimo haliuzwi Kenya bila idhini ya Bodi ya Ardhi, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka mwenzi akubali kabla ya mali ya ndoa kuuzwa. Wengine huona hayo ni usumbufu. Sisi tunaona ni breki iliyowekwa kwa ajili yetu, na atakayekuambia mzipite pembeni anakuondolea breki mlimani.

Kuhusu kiasi cha kupoteza, tuna somo la hapahapa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lord Delamere alipewa na serikali ya kikoloni ekari kama 100,000 hapa Njoro, ardhi iliyokuwa malisho ya Wamaasai. Alileta kondoo, wakafa kwa wingi. Ng'ombe wakaugua. Akapanda ngano, ikaliwa na kutu. Akaendelea kujaribu. Wengine husimulia habari hiyo kama mfano wa ushujaa wa kutokata tamaa. Lakini angalieni vizuri: alikuwa na mali Uingereza ya kuwekea rehani. Angeweza kukosea mara tatu na bado akala. Mkulima wa Lare au Nessuit akikosea hivyo mara moja, watoto wako nje ya shule. Kwa hiyo tusiige kiasi chake. Tuige jambo moja tu, kujaribu, lakini kwa kipande kidogo ambacho kikifa, jikoni moto utawaka.

Hatua ya 6: Lizike jambo kabla halijafa.
Hii tumeichukua kwa Gary Klein, mtaalamu wa Marekani aliyeiandika mwaka 2007. Kabla ya kuanza, jifanye mwaka umeisha na mpango wako umekufa kabisa. Usiulize "unaweza kufa?" Sema "umekufa". Sasa andika umekufa kwa nini. Mama wa mfano wetu anaandika: mbegu ilikuwa na ugonjwa wa mnyauko, dawa ya baridi ilichelewa, nilipougua hakukuwa na mtu wa kupalilia, wanunuzi walikuja wote wiki moja bei ikaanguka. Hayo yote sasa anaweza kuyawekea dawa mapema, au akaamua kupunguza eneo.

Basi mama aliamuaje? Alilipa deni na ada yake, 10,750. Akapanda nusu ya lile eneo la viazi, gharama 12,500. Zikabaki 6,750 za karo. Mwaka mzuri hatapata faida kubwa ya kusimulia sokoni. Mwaka mbaya hatapoteza zaidi ya 6,000, na hadaiwi. Na akasema wazi: "Mvua isiponyesha hadi katikati ya mwezi wa nne, sipandi, pesa ya mbegu ya viazi itanunua kuku." Hiyo ndiyo alama ya kuacha. Iweke mapema, ukiwa na kichwa baridi, kwa sababu katikati ya mambo moyo hautakuruhusu.

WEKA DAFTARI

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo, kama mtasahau mengine yote, tungependa mlikumbuke hili moja. Nunua daftari dogo la shule. Kila uamuzi mkubwa uandike kabla hujajua matokeo. Mistari mitano inatosha:

Tarehe. Nimeamua nini. Kwa sababu gani. Natarajia nini na lini. Ni kitu gani kitanionyesha kwamba nilikosea.

Kwa nini kabla? Kwa sababu kumbukumbu zetu ni kama shahidi aliyepewa chai. Jambo likifaulu, tunasema "nilijua tu". Likiharibika, tunasema "hata mimi nilikuwa na wasiwasi". Hatujifunzi kitu, kwa maana tumeshajisafisha. Maandishi hayabadiliki.

Angalieni jirani zetu wa kituo cha utafiti cha KALRO hapa Njoro. Kuna ugonjwa wa kutu ya shina ya ngano uitwao Ug99, jina lililotokana na Uganda na mwaka 1999. Uliua aina nyingi za ngano zilizokuwa zikiaminika. Tangu mwaka 2005 mbegu za ngano kutoka nchi nyingi zimekuwa zikiletwa Njoro kupandwa na kupimwa dhidi ya kutu hiyo. Je, wataalamu wale hupita shambani wakisema "hii naona ni nzuri"? La. Kila mstari una namba. Kila mmea hupewa alama, na alama huandikwa. Mbegu inayopendeza kwa macho ikipata alama mbaya, inaachwa. Kama wasomi wale hawaamini kumbukumbu zao juu ya ngano, sisi tuziamini zetu juu ya maisha yetu kwa nini?

Kila baada ya miezi sita, labda baada ya mavuno na kabla ya kupanda, fungua daftari. Usitafute kujilaumu. Tafuta kosa linalojirudia. Mmoja ataona kila mara anakadiria muda mfupi mno. Mwingine ataona kila hasara yake ilianza na mtu aliyemharakisha. Mwingine ataona kosa lake ni kungoja: mambo mazuri matatu aliyapima, akayaandika vizuri, na hakuanza hata moja. Hilo nalo ni kosa. Ukishaona lako, umepata dawa nusu. Halafu rudia yale maswali kumi ya mwanzo uone kama alama zimepanda.

ZOEZI LA KIKUNDI

Katika mkutano wenu ujao tengeni saa moja.

1. Mwenyekiti asome jambo moja ambalo kikundi kinataka kuamua, kwa mfano kununua tangi la maji, kukodi shamba la pamoja au kukopesha wanachama.

2. Kabla ya mtu yeyote kuzungumza, kila mwanachama aandike maoni yake, au aweke punje ya hindi au haragwe kwenye kopo lililofunikwa. Mwenyekiti na wazee waseme mwisho. Wakianza wao, wengine tutaitikia tu kwa heshima, na kikundi kitakuwa na kichwa kimoja badala ya ishirini.

3. Hesabuni. Kama kopo lina mchanganyiko, msiseme "wengi wape" haraka. Wasikilizeni kwanza wachache. Waelezee wanaona nini.

4. Lizikeni jambo kabla halijafa, kila mtu ataje sababu moja.

5. Katibu aandike mistari mitano katika kitabu cha kikundi, na tarehe ya kulifungua tena.

Kisha mjadili maswali haya: Ni uamuzi gani kikundi chetu kilifaulu kwa bahati tu? Ni upi ulikuwa mzuri ingawa tulipata hasara? Je, kuna mradi tunaoushikilia sasa kwa sababu tu tumeshatumia pesa nyingi? Mwaka 2013, wakati wa kware, nani katika kikundi chetu alikuwa na wasiwasi akanyamaza, na tufanye nini ili mwaka huu asinyamaze?

Hilo swali la mwisho liulizeni kwa upole. Kwetu sisi lilipoulizwa, mama mmoja alisema alijua, lakini hakutaka kuonekana mpinga maendeleo. Tulinyamaza wote kwa muda. Tangu siku hiyo kopo lile halijakosekana mezani kwetu.

Wazee walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ni kweli. Lakini mjukuu huyo anaweza kupunguzwa ukubwa, kwa karatasi, kalamu na usiku mmoja wa kulala juu ya jambo. Mvua ziko karibu. Kabla hamjatoa pesa, toeni daftari.